Caterpie hadi Butterfree: namna ya kumlea mdudu wa mwanzo na kumtumia

Mwongozo huu ni wa wanaocheza gemu za Pokémon za eneo la Kanto: Red na Blue, Yellow, pamoja na FireRed na LeafGreen zilizotoka mwaka 2004. Ukiingia Viridian Forest, msitu ulio kati ya Viridian City na Pewter City, utamkuta kiwavi wa kijani aitwaye Caterpie, namba 010 kwenye Pokédex, orodha ya pokémon wote. Wengi humpita. Ana pigo moja tu la kuumiza, Tackle, na jingine la kumpunguzia adui kasi, String Shot, basi. Ila kiwavi huyu anageuka Metapod akifika leveli 7 na Butterfree akifika leveli 10. Katika Kanto nzima, yeye na Weedle, mdudu mwenzake mwenye sumu, ndio pekee wanaomaliza hatua zote tatu mapema hivyo.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili usije ukanilaumu baadaye: Butterfree si mpigaji mkubwa. Ni mlazaji. Ukimlea ukitarajia avunje kila kitu utamchukia kabla ya nusu ya gemu. Ukimlea kwa ajili ya unga wake wa usingizi, utashangaa umemtegemea kiasi gani.

Hatua ya 1: Jua unacheza toleo gani

Hili linabadilisha mambo kuliko unavyodhani. Kwenye Blue, Caterpie wamejaa msituni. Kwenye Red waliojaa ni Weedle, na Caterpie ni wa kubahatisha, kwa hiyo ukiwa na Red jiandae kuzunguka kwenye nyasi kwa muda. Kwenye Yellow Weedle hayupo kabisa. FireRed na LeafGreen zina wote wawili na hutahangaika.

Tofauti kubwa zaidi iko kwenye pigo linaloitwa Confusion, ambalo ni la aina ya nguvu za akili. Kwenye Yellow, FireRed na LeafGreen, Butterfree hulijua papo hapo akiwa leveli 10. Kwenye Red na Blue anasubiri mpaka leveli 12. Leveli mbili zinasikika kama kitu kidogo, lakini subiri tufike kwenye hesabu.

Jiulize pia kama unamhitaji kweli. Ukiwa umeanza na Bulbasaur au Squirtle, jimu ya kwanza utaipita bila jasho na Caterpie atakuwa wa ziada tu kwa sasa. Ukiwa umeanza na Charmander, au unacheza Yellow na Pikachu wako, hapo mambo ni mengine. Pokémon wa Brock, mkuu wa jimu hiyo unayempiga ili upate beji, ni wa aina za Jiwe na Ardhi kwa pamoja. Umeme wa Pikachu hauwagusi hata kidogo, na moto wa Charmander unawapiga kwa nusu ya nguvu. Wewe ndiye niliyekuwa nakutafuta.

Hatua ya 2: Mkamate Caterpie, si Metapod

Kwanza peleka kifurushi cha Profesa Oak, kwa sababu kabla ya hapo duka la Viridian halitakuuzia mipira ya kukamatia. Nunua Poké Ball chache, 200 kila mmoja, na Antidote mbili au tatu kwa 100. Antidote usizidharau. Weedle wa msituni wana Poison Sting, na kwenye matoleo haya ya zamani sumu inaendelea kukula hata ukiwa unatembea. Kwenye Red, Blue na Yellow unapoteza uhai kidogo kila hatua nne.

Caterpie ni rahisi kukamatwa, kiwango chake cha kukamatika ni 255, cha juu kabisa kwenye gemu. Mpunguze damu kwa pigo moja, tupa mpira, umemaliza. Ukitupa akiwa mzima anaweza kuchomoka mara kadhaa, hasa kwenye matoleo ya kwanza.

Sasa sikiliza hili kwa makini. Msituni utamkuta pia Metapod, tena yuko leveli moja au mbili juu ya Caterpie, na utashawishika kumchukua ili uruke hatua. Usifanye hivyo. Metapod wa porini anajua Harden peke yake, pigo la kujikaza ulinzi ambalo halimuumizi mtu. Metapod aliyetokana na Caterpie wako anabaki na Tackle na String Shot alizokuja nazo, kwa hiyo anaweza angalau kugonga. Yule wa porini atajikaza mara 30 mpaka Harden iishe, kisha ataanza kutumia Struggle, inayomuumiza na yeye mwenyewe. Kwenye Red na Blue ni balaa zaidi, kwa sababu hata akishakuwa Butterfree atakaa mpaka leveli 12 bila pigo lolote la maana. Kama hujawahi kuona Metapod wawili wa Harden wakitazamana, huna ulichokosa.

Hatua ya 3: Mfikishe leveli 7

Caterpie yuko kwenye kundi lenye hesabu nyepesi: pointi za uzoefu zinazohitajika ni leveli ikizidishwa kwa yenyewe mara tatu. Leveli 4 ni 4 × 4 × 4, yaani pointi 64. Leveli 7 ni 343. Leveli 10 ni 1000. Leveli 12 ni 1728.

Ziangalie namba hizo vizuri. Ukimkamata akiwa leveli 4, safari mpaka kugeuka mara ya kwanza ni pointi 279 tu. Kutoka hapo mpaka Butterfree ni 657. Yaani sehemu kubwa ya kazi iko wakati yuko ndani ya kifukofuko, akiwa mzito na asiye na meno. Na wa Red na Blue, kutoka leveli 10 kwenda 12 kuifuata Confusion ni pointi 728 nyingine, zaidi ya alizohitaji Metapod kugeuka. Ndiyo maana nilisema leveli mbili si kitu kidogo.

Kwa hiyo hatua hii ya kwanza acha apigane mwenyewe. Adui zake wawe Caterpie wenzake na Metapod wa porini. Hawa wa mwisho ndio dili: Metapod anayejikaza tu hawezi kukuumiza, na anatoa pointi nyingi kuliko kiwavi. Utamgonga na Tackle mpaka uchoke, maana kila akijikaza pigo lako linapungua makali, lakini Tackle ina matumizi 35 na kituo cha Pokémon kiko jirani, bure. Weedle wakwepe ikiwa Antidote zimepungua.

Hatua ya 4: Mvushe kifukofuko

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na ndipo mbinu inapoingia.

Mweke Metapod nafasi ya kwanza kwenye kikosi. Pambano likianza, mtoe mara moja na umwingize pokémon wako wa kuanzia amalize kazi. Kwa kuwa Metapod alionekana uwanjani, pointi zinagawanywa nusu kwa nusu, ilimradi asizimie. Anayeingia ndiye atakayekula pigo la bure la adui, kwa hiyo hakikisha ana afya.

Wakufunzi wanalipa mara moja na nusu ya pokémon wa porini, kwa hiyo wawekee akiba. Kwenye Red na Blue kuna wakamata wadudu watatu mle msituni: mmoja ana Weedle na Caterpie wa leveli 6, wa pili ana Weedle, Kakuna (kifukofuko cha Weedle) na Weedle wote leveli 7, wa tatu ana Weedle mmoja wa leveli 9. Ukiwajumlisha wote sita wanatoa karibu pointi 500. Kosa ni kuwapiga wote na Charmander unapopita mara ya kwanza, halafu ndiyo unakumbuka una kiwavi wa kulea. Mkufunzi ukishampiga amekwisha, harudii.

Kakuna wa mkufunzi wa pili ni zawadi. Peke yake anatoa pointi mia moja na kitu, na vitisho vyake ni kama vya Metapod. Huyo mwachie Metapod wako mwenyewe kama Tackle anayo, usigawane na mtu.

Ukibaki na upungufu, una njia mbili. Moja ni kurudi kwenye nyasi na kuendelea na ile mbinu ya kumtoa na kumwingiza mwingine. Ya pili ni mkufunzi aliye ndani ya jimu ya Brock, kabla ya kumfikia Brock mwenyewe: kwenye Red na Blue ana Diglett na Sandshrew, wote leveli 11, na wawili hao wanatoa kama pointi 400 ukiwapiga bila kugawana. Kwa anayeisaka leveli 12, hiyo ni zaidi ya nusu ya safari kwa pambano moja.

Kugeuka kunatokea pambano likiisha. Kitufe cha B usikiguse wakati huo, maana kinasitisha kila kitu na utasubiri leveli nyingine.

Hatua ya 5: Brock

Kwenye Red na Blue, Brock ana Geodude wa leveli 12 na Onix wa leveli 14. Kwenye Yellow ni leveli 10 na 12. Ukisoma aina tu utaogopa: Butterfree ni Mdudu na Ndege kwa pamoja, na mapigo ya Jiwe yanamuumiza mara nne. Lakini kwenye Red, Blue na Yellow, hakuna kati ya hao wawili mwenye pigo la Jiwe. Wanapiga Tackle, na nguvu ya kushambulia ya Onix ni ndogo kupita mwili wake. Upande wao dhaifu ni kile ambacho gemu inakiita Special, na Confusion inapita hapo hapo. Ulinzi mkubwa wa Onix unazuia mapigo ya mwili tu. Butterfree wa leveli 12 atamwangusha kila mmoja kwa Confusion tatu hivi.

Cha kuchunga ni Bide ya Onix. Akiitumia, anakaa kimya zamu mbili au tatu huku akihifadhi maumivu unayompa, kisha anakurudishia mara mbili. Butterfree wako ana uhai kama 38 hivi kwenye leveli hiyo, na Confusion mbili zilizorudishwa mara mbili zinatosha kumlaza chini. Ukiona Bide imeanza na Onix bado ana damu nyingi, acha kupiga. Tupa String Shot mpaka aachie, kisha endelea. Kama kabakiza pigo moja, mmalize tu.

Wa FireRed na LeafGreen, kwenu ni tofauti kabisa. Onix amepewa Rock Tomb, ambayo ni ya Jiwe. Ikimpata Butterfree wa leveli za huku, kwisha habari yake kwa pigo moja. Mtumie kwa Geodude, kisha mtoe. Kama una Charmander, mfikishe leveli 13 ajifunze Metal Claw na umkabidhi Onix. Ukipenda kubahatisha, mpandishe Butterfree mpaka leveli 16 au 17 awe na kasi ya kumzidi Onix, amlaze kwanza. Inafanya kazi, lakini ni jasho jingi kwa beji moja.

Hatua ya 6: Chukua unga, uchague mapigo manne

Njia ya kutoka Pewter kwenda Mt. Moon ina wakufunzi wengi na pango lenyewe limejaa Zubat. Zubat ni Sumu, na Confusion inampiga mara mbili, kwa hiyo pango linalowakera wenzako kwako ni shamba la pointi. Team Rocket, genge la wahalifu, waliojichimbia humo nao wana Zubat na Ekans, hadithi ni ile ile. Ukitoka upande wa pili, Butterfree wako atakuwa anakaribia au ameshapata unga wake.

Kwenye Red na Blue anajifunza PoisonPowder leveli 15, Stun Spore 16 na Sleep Powder 17. Kwenye Yellow, FireRed na LeafGreen ni 13, 14 na 15. PoisonPowder ikatae. Pokémon hawezi kuwa na sumu na usingizi kwa wakati mmoja, kwa hiyo ukimtilia sumu umejifungia mlango wa kumlaza. Stun Spore ibaki, ni nzuri kwa adui mwenye kasi.

Sleep Powder inapata mara 75 kwa 100. Kwenye FireRed na LeafGreen, Butterfree ana sifa iitwayo Compound Eyes inayoongeza usahihi kwa asilimia 30 ya ule uliopo, na hiyo 75 inakuwa 97.5. Karibu haikosi. Wa Red, Blue na Yellow hawana sifa hizo, ila wamefidiwa: usingizi wa matoleo yale unaweza kufika zamu saba, na zamu ya kuamka nayo adui anaipoteza.

Nne zangu ni Confusion, Sleep Powder, Stun Spore na nafasi moja ya kubadilisha. Baadaye Confusion inapisha Psychic, TM29 (kifaa cha kumfundisha pokémon pigo) unayopewa bure kwenye nyumba moja ya Saffron City. Ni tofauti ya nguvu 50 na 90, kwa hiyo Psybeam yenye 65 unaweza kuiruka bila majuto. Nafasi ya nne ipe Mega Drain ukimshinda Erika, mkuu wa jimu ya Celadon, au Giga Drain ikiwa ni FireRed na LeafGreen.

Pa kumtumia, pa kumficha

Jimu ya Erika huko Celadon ni kama imejengwa kwa ajili yake. Majani yanamuumiza robo tu, na Victreebel na Vileplume wana Sumu ndani yao, kwa hiyo Confusion inawaumiza maradufu. Koga wa jimu ya Fuchsia vilevile, japo huko nenda ukiwa na Psychic tayari.

Kwa Misty, mkuu wa jimu ya Cerulean, usimtegemee kuangusha Starmie wake. Starmie naye ni wa nguvu za akili na Confusion haimsumbui. Mlaze, kisha mwingize Bulbasaur au Pikachu afanye yake kwa raha.

Kwa Lt. Surge, mkuu wa jimu ya umeme, mwache nje kabisa. Vilevile mfiche mbele ya Pidgeotto wa mpinzani wako kule Cerulean (si kwa Yellow), na mbele ya kitu chochote cha moto au barafu. Kwenye matoleo ya kwanza kabisa hata mapigo ya Sumu yanamuumiza zaidi, jambo lililobadilishwa baadaye.

Kuanzia leveli 30 na kitu utamwona anaanza kuachwa nyuma. Uhai wake ni mdogo na wakufunzi wa mbele wanapiga kwa nguvu. Hapo mtoe kwenye kikosi cha kila siku, mweke kwenye kisanduku cha kompyuta, ila usimwachie aende. Kazi yake ya pili, ambayo kwangu ndiyo ya kwanza, ni kukamatia.

Hatua ya 7: Mtumie kukamata

Usingizi unaongeza uwezekano wa kukamata kuliko sumu, kupooza au kuungua. Mfano wa kwanza utaupata mapema: Abra, kwenye nyasi za Route 24 na 25, juu ya Cerulean (si kwa Yellow). Abra anajua Teleport tu, na zamu yake ya kwanza ndiyo ya kutoweka. Watu humaliza mipira wakimtupia akiwa mzima. Butterfree wa leveli 17 ana kasi kumzidi Abra wa leveli 10 hivi. Mweke mbele, Sleep Powder zamu ya kwanza, kisha tupa mipira kwa utulivu. Usimpige hata mara moja, Abra ana uhai mdogo sana na utamzimisha.

Mfano mkubwa ni Snorlax. Kwenye Red na Blue wako wawili tu gemu nzima, mmoja Route 12 na mwingine Route 16, wamelala wakiziba njia, leveli 30. Unawaamsha kwa filimbi iitwayo Poké Flute na pambano linaanza hapo hapo. Ukimzimisha harudi. Sevu kwanza ukiwa umesimama mbele yake, kabla ya kupuliza. Butterfree anaanza kwa sababu Snorlax ni mzito na mwenye kasi ndogo. Unga ukishika, mtoe Butterfree, mwingize mpigaji mwenye mapigo ya wastani, mpunguze Snorlax mpaka rangi ya damu yake iwe ya njano au nyekundu, kisha anza na Great Ball. Akiamka, usiendelee kutupa kwa pupa: mrudishe Butterfree, mlaze tena. Na ukiona ametumia Rest, amejirudishia damu yote, lakini pia amejilaza mwenyewe, kwa hiyo mpunguze upya kabla hajaamka.